Buibui wa Jangwani wa Likoni

Mwaka ule nchi nzima ilikuwa ikitafuta uhuru, na watu wa pwani walikuwa wakitoana jasho juu ya Mwambao, ujitenge au uungane na bara. Likoni iliyaweka hayo kando kwa muda. Ilikuwa imepata jambo la maana zaidi: buibui aliyeonekana uani kwa Mwanasaumu, na swali la kuwa ni buibui wa namna gani.

Mwanasaumu mwenyewe hakuulizwa. Yeye alikuwa kizuka, mjane aliye edani. Mumewe, Boga, alikuwa amezikwa juzijuzi tu, na mwanamke wa eda hatoki nyumbani kwa marehemu, hajipambi, wala haonani na mwanamume asiye maharimu wake mpaka siku zake zitimie. Kwa hiyo alikaa nyuma ya mlango na kusikiliza. Baraza ya nyumba ilikuwa nje ya mlango huohuo, na wanaume wa Likoni hawajui kunong'ona, basi hakupitwa na neno.

Chanzo cha yote kilikuwa Jumwa, jirani aliyemtekea maji na kumwendea sokoni. Jumwa alikuwa na roho safi na mdomo usiokaa na siri hata ya nusu saa. Asubuhi moja aliingia uani, akamwona mnyama yule kwenye shimo lake chini ya ukuta, akatupa ndoo na kupiga ukelele.

"Uwii! Mwanasaumu, ni nini hicho?"

"Buibui."

"Buibui gani ana manyoya mithili ya paka?"

"Huyo mwenye manyoya," alijibu Mwanasaumu, akaiokota ndoo.

Alikuwa amemzoea. Walipojuana mara ya kwanza hawakujuana kwa wema: Mwanasaumu alisogeza mtungi bila kuangalia, na buibui akamuuma kidole. Mkono ulivimba hadi kiwikoni, ukawaka moto kana kwamba umetiwa pilipili, na mjane akadhani sasa anamfuata Boga. Hakumfuata. Kesho yake mkono ulianza kupoa, na siku chache baadaye alikuwa anakuna nazi. Tangu hapo kila mmoja alimwachia mwenzake nafasi. Buibui alikuwa mkubwa kama kiganja, rangi yake ya kutu, na shimo lake amelitandika utando mweupe, safi kuliko shuka za watu wengine tunaowajua. Mchana alijificha. Alasiri ikiinama alisogea mlangoni kwake akangoja mende, na mende wa uani walikuwa wamepungua sana. Alikuwa na miguu minane na viungo viwili vifupi mbele, anavyovitumia kama mikono. Mambo hayo yote Mwanasaumu aliyajua kwa sababu mwanamke wa eda ana muda mrefu na pa kutazama pachache.

Jumwa, kwa upande wake, aliondoka na ndoo tupu. Alipofika bombani buibui alikuwa wa kiganja. Sokoni akawa wa sahani. Kwenye kivuko akawa wa sinia, na habari ilipovuka maji kufika kisiwani, alikuwa amekwisha kula mbuzi wa watu wawili.

Aliyefurahi kuliko wote ni Bakari, mdogo wake Boga. Bakari alikuwa dalali wa nazi, mtu wa kutembea na mwavuli hata wakati wa kiangazi, na tangu matanga yaanuliwe alikuwa na huruma nyingi juu ya shemeji yake. Kwanza alihurumia upweke wake. Akasema aje akae kwake, kwa wake zake wawili wasioelewana, ambako mjane hawezi kukosa mazungumzo. Mwanasaumu akajibu kwa adabu kuwa eda hukaliwa nyumbani kwa marehemu. Kisha Bakari akahurumia paa. Alisema linavuja. Mwanasaumu akamwambia paa halijavuja tangu lipigwe mabati, na mvua kubwa imekwisha pita.

Huruma hiyo ilikuwa na sababu yake. Nyumba waliijenga pamoja Boga na Mwanasaumu, na vikuku vyake vya mahari ndivyo vilivyogeuka boriti na mabati. Lakini ardhi ilikuwa ya mtu mwingine, kama ilivyo ada ya Mombasa, ambako mtu humiliki paa na kuta huku udongo ulio chini ya kitanda chake ukiwa na mwenyewe. Mwenye ardhi alikuwa mzee wa Kisauni asiyependa kelele, na alikwisha kusema neno lake: "Nitakayemkuta ndani eda ikiisha, huyo ndiye mpangaji wa ardhi yangu. Mirathi yenu mtakwenda kupigana kwa kadhi, si kwangu." Basi hapo hapakuhitaji elimu kubwa. Mwanasaumu akibaki, nyumba yake. Akitoka hata kwa wema, atapewa pole na nyumba itabaki kwa Bakari, ambaye alikwisha kuiahidi kwa mpangaji.

Na sheria ilimruhusu mjane kutoka kwa dharura moja tu, ya kuhofia maisha yake: moto, ukuta unaoanguka, wezi. Au, Bakari aligundua sasa, mnyama mwenye kuua. Hakutaka kujua jina la buibui. Alitaka buibui awe na sumu.

Kwanza alimleta Fondo, mganga wa kutoka Mtongwe. Fondo hakuhitaji kumwona mnyama. Alikaa barazani, akatikisa kibuyu, akatangaza kuwa buibui ametumwa, na kwa kuku mweusi na kitambaa chekundu atarudishwa kwa aliyemtuma kabla ya Jumatatu. Bakari alimshukuru na kumwondoa haraka. Mnyama wa kutumwa ana dawa, na Bakari alikuwa anatafuta asiye na dawa.

Ndipo akamleta Musyoka. Musyoka alikuwa mtu wa Machakos, mfanyakazi wa bandarini, na wakati wa vita vya Hitla alipelekwa Misri na kikosi cha kuchimba mitaro. Kwa miaka yote hiyo alikuwa amengoja mtu amwulize kuhusu jangwa. Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Sasa alikalishwa barazani, akatiwa kahawa, akaulizwa.

"Hii mnyama mimi naijua," alisema, na sauti yake ikapita mlangoni moja kwa moja. "Hii ni buibui ya jangwani. Huko Misri ilikuwa inakimbiza askari. Ukikimbia, inakimbia. Ukisimama, inakungoja."

"Na sumu yake?" aliuliza Bakari kwa sauti ya mtu anayeuliza bei.

"Mbaya."

"Mbaya kadiri gani, Bwana Musyoka? Kuna watu hawatosheki na mbaya."

Musyoka akafikiri. Siku ile buibui wa jangwani aliua punda. Kesho yake, walipokuja wasikilizaji wengine, aliua ngamia. Mwisho wa juma aliua ngamia na aliyempanda, na kahawa ya marehemu huyo wa Misri ilikuwa bado haijapoa. Mtu mmoja aliuliza mnyama wa Misri amefikaje Likoni. Bakari alimjibu kuwa amekuja ndani ya makanda ya tende, na swali lilipofufuka jioni akamjibu mwingine kuwa amekuja ndani ya ngozi za mbuzi. Wote wawili waliridhika.

Nyuma ya mlango, Mwanasaumu alichambua mchele na kujiambia kuwa kweli, kikulacho ki nguoni mwako, na wala hakina miguu minane. Lakini mchele uleule aliuchambua mara mbili bila kujua. Uongo ukirudiwa barazani mara nyingi hupata heshima ya mzee, na aliogopa. Alimwogopa Bakari kuliko kitu chochote chenye manyoya. Usingizi ulimpungua, na kila akiangalia boriti za dari aliviona vikuku vyake.

Ijumaa, baada ya alasiri, Bakari alimleta Khatibu Mwinyihaji kutoa uamuzi. Khatibu alikuwa mtu mwadilifu mwenye hofu ya Mungu, na hofu iliyobaki aliigawia nyuki, popo na ng'ombe wenye pembe. Alikaa barazani mbali kidogo na ukuta, na miguu akaipandisha juu ya mkeka.

"Hodi wenyewe," aliita.

"Karibuni. Shikamoo, Khatibu," alijibu Mwanasaumu kutoka ndani.

"Marahaba, mwanangu. Waionaje eda?"

"Alhamdulillahi, naikalia."

Jumwa alikuwa amesimama kizingitini, mlango uko wazi nusu, kama apitishaye kahawa. Kwa kweli hakutaka kupitwa. Khatibu akaeleza habari ya dharura. Bakari akaeleza habari ya mapenzi yake kwa shemeji, akaifuta pua yake ikiwa kavu. Musyoka, aliyevaa kofia yake ya kijeshi kwa heshima ya kikao, akaeleza habari ya ngamia.

"Ana miguu mingapi?" aliuliza Khatibu.

"Kumi," alisema Musyoka.

"Kumi na miwili," alisema Bakari wakati uleule.

Khatibu akawatazama. "Mmemwona?"

"Ah, Shekhe," alisema Bakari, "tutamwonaje, na mwanamke yumo edani? Sisi twaiheshimu sheria." Haijapata kutokea Bakari kuipenda sheria namna ile. Mwezi mzima alikuwa anaitafutia mlango wa uani.

"Basi na tumwulize aliyemwona. Mwanasaumu mwanangu, huyu mnyama amekudhuru?"

Hilo lilikuwa swali la kwanza kuulizwa mtu aliyelijua jibu lake. "Aliniuma, Khatibu. Mkono ulifura, ukaniuma sana, kisha ukapoa. Ni huu hapa nachambulia mchele."

"Aliuma?" aliuliza Khatibu. "Mbona hukusema?"

"Hapana aliyeniuliza. Nilikuwa nawasikiza mkisema nshakufa."

Jumwa akaziba mdomo kwa kanga. Mtu mwingine angeona aibu, lakini Bakari hakuwa mtu mwingine. "Hiyo ndiyo hatari yenyewe, Shekhe!" alisema akiupiga mkeka. "Sumu ya jangwani ina subira. Yuwaweza kuumwa leo akaanguka mwezi wa mfunguo tatu. Sivyo, Bwana Musyoka?"

"Inaweza kukaa ndani," alikubali Musyoka, ambaye hakuwahi kulisikia neno hilo hadi dakika ile. "Huko Misri iko mtu ilimkaa mwaka mzima."

Khatibu Mwinyihaji akazishika ndevu zake, na Mwanasaumu, aliyekuwa akimchungulia kwenye ufa wa mlango, moyo ukamshuka. Aliijua ishara ile. Ni ya mtu mwema anayetaka kukosea kwa upande wa usalama. "Nafsi ni amana," alianza Khatibu polepole. "Mimi sijui mambo ya buibui. Huyu bwana amekaa jangwani, na mimi sikufika mbali zaidi ya Vanga. Naona, kwa hadhari tu, si kwa jingine, mjane ahamishiwe kwa shemejiye mpaka ijulikane..."

"Khatibu," alisema Mwanasaumu. "Nipe kitambo kidogo. Msiondoke bure barazani kwa Boga."

"Twangoja, mwanangu."

Akaenda uani. Jua lilikuwa limeinama na mwenye shimo alikuwa ameketi mlangoni kwake kama desturi, miguu ya mbele imechungulia nje. Mwanasaumu alichukua sinia na kawa, lile la ukili la kufunikia chakula cha wageni. Kwa ufagio alimsukuma taratibu, akimwomba radhi. Buibui hakupendezwa. Aliupiga ufagio mara mbili, akaona hauliki, akajipandisha juu ya sinia kwa hasira, na kawa likamshukia. Mwanasaumu akajifunika kanga hadi machoni, akalibeba sinia kwa mikono miwili mpaka mlangoni, akalisukuma nje barazani.

"Tafadhalini," alisema.

Sasa, mfiwa akipelekewa wazee nyumbani kwake huwatolea kitu, mkate wa sinia au haluwa, na Bakari alikuwa na njaa. Zaidi ya hayo aliona anajua maana ya sinia lile: mwanamke ameshindwa, ameleta mkate wa kuomba suluhu. Akatabasamu.

"Bwana Bakari, ngoja..." alianza Jumwa.

"Shemeji yangu ana adabu zake, hilo sikulikana," alisema Bakari, akalifunua kawa.

Buibui wa Likoni alisimama. Alijiinua kwa miguu ya nyuma, akanyanyua ile ya mbele juu kabisa, akatoa meno mawili meusi, akavuma kama sufuria inayotaka kuchemka. Pengine naye alitaka kujua watu hawa ni wa namna gani.

Khatibu Mwinyihaji alishuka barazani bila kugusa ngazi, akashika kanzu kwa mkono mmoja na kilemba kwa mwingine, na viatu vyake vikabaki. Musyoka aliyekimbizwa na buibui Misri hakutaka kukimbizwa tena. Alipita juu ya ua wa michongoma, ambao vijana wa mtaa walikuwa hawajawahi kuuruka, na kofia ya kijeshi ikabaki juu ya miiba ikishika zamu. Bakari ndiye aliyekuwa na tabu. Mbele yake kulikuwa na sinia, kushoto ukuta, kulia Jumwa, mwanamke wa mwili. Nyuma yake kulikuwa na mlango ulio wazi nusu.

Akaingia. Akaubamiza mlango, akatia komeo, akauegemea kwa mgongo, akitweta.

Ndani kulikuwa na kiza. Mwanasaumu alirudi nyuma hadi pembeni, kanga imefunika uso wote, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi shemeji wawili wakawa chini ya paa moja, paa lile linalovuja.

Nje, Khatibu alikuwa amesimama peku chini ya mnazi, akihesabu watu wake. "Kwa mwoga huenda kicheko," alijisemea kwa kujitetea, ingawa hapakuwa na aliyemshutumu. "Jumwa! Bakari yu wapi? Ameumwa?"

"Hakuumwa, Khatibu. Yumo ndani."

"Ndani wapi?"

"Ndani ya ile nyumba iuayo watu," alisema Jumwa.

Buibui alishusha miguu, akajikusanya katikati ya sinia. Majirani walikuwa wameanza kukusanyika barabarani, na masikio yote yalielekea mlangoni.

"Bakari!" aliita Khatibu.

"Naam, Shekhe," ilijibu sauti nyuma ya mlango.

"Umekimbilia wapi?"

Komeo likasikika likikazwa.

"Nakuuliza, maana nataka kutoa hukumu na sitaki kukosea. Wewe umeniapia kuwa ndani humo hapakaliki. Roho yako ilipokuwa mkononi, miguu ilikupeleka wapi?"

"Ndani, Shekhe."

"Kwa nini?"

Ilikuwa kazi kubwa kwa Bakari kulitoa neno lile, na lilitoka dogo. "Niliona ndiko kwenye usalama."

"Basi na shemejio akae huko huko kwenye usalama," alisema Khatibu Mwinyihaji. Sauti yake sasa ilikuwa ya mimbarini, na mtu akiisikia asingedhani mwenye sauti hiyo hana viatu. "Haondoki. Dharura haipo. Na wewe utoke upesi, umeingia kwa kizuka bila hodi, na hilo tutalizungumza msikitini."

"Nitoke vipi, na yule mdudu yuko mlangoni?"

"Huyo ni buibui," alisema Khatibu. "Mkubwa. Sasa nimemwona, na zaidi ya hapo sijui."

Ikabidi Mwanasaumu azungumze. "Jumwa, mfunike na kawa, umweke kando. Bwana Bakari atoka." Jumwa, ambaye tangu asubuhi ile ya ndoo alikuwa ameapa hatamkaribia mnyama yule, alilishika kawa kwa ncha za vidole na kulishusha. Heshima ya kumfungulia Bakari njia mbele ya mtaa mzima haipatikani kila siku. Bakari akatoka ameinamisha kichwa, akapita katikati ya watu, na mwavuli wake hakuukumbuka.

Musyoka hakurudi. Alimtuma mtu kuchukua kofia, na kwa mtu huyohuyo akatoa habari kuwa nyumba aliyoahidiwa na Bakari haitaki tena, amepata chumba Changamwe. Alikuwa amejishawishi mwenyewe kuliko alivyomshawishi Khatibu, na alisema kwa pesa yoyote hawezi kulala nyumba yenye buibui ya jangwani. Mzee wa Kisauni, mwenye ardhi, alisimuliwa kisa chote usiku uleule. Hakupenda kelele, lakini wanasema alicheka mpaka akaletewa maji.

Magharibi ilipoingia na watu wakatawanyika, Mwanasaumu alilibeba sinia hadi uani, akaliinamisha karibu na ukuta. Buibui akashuka, akaingia shimoni kwake bila kuaga. Mwanasaumu akasali, akawasha kandili, akakaa ukingoni mwa kitanda. Kicheko kilikuwa kimemjaa tumboni tangu alasiri na sasa kikamponyoka: kilemba cha Khatibu, michongoma, Bakari akisema "ndani, Shekhe" kwa sauti ya kifaranga. Alicheka hadi mbavu zikamuuma.

Akageuka upande wa ukutani kumsimulia Boga.

Boga ndiye angecheka kuliko wote. Angetaka arudiwe ile ya kofia mara tatu. Lakini upande ule ulikuwa na mto tu, na foronya yake aliyoifua mwenyewe. Wiki zote hizi alikuwa na kazi ya kulinda mlango, na mlango ulikuwa umefungwa sasa na hapakuwa na mtu wa kubishana naye. Alilia usiku ule, katika nyumba yake mwenyewe, na hakuna aliyekuja kumwuliza kitu.